Risiti namba 1047? Msee, umeanika wateja wako! Hii hapa rada ya ID zisizokisiwa

Cheki hii. Umenunua njumu mtandaoni, muuzaji anakutumia linki ya risiti inayoishia na 1047. Kwa umbea tu unabadilisha iwe 1048. Boom! Jina, simu na mtaa wa mtu mwingine, zote kwa skrini yako. Hujavunja chochote, umejua tu kuhesabu. Sasa kama wewe ndio unajengea mbogi yenu apu ya biashara, keti hapa kidogo.

Shida ya 1, 2, 3

Kila rekodi kwa databesi lazima iwe na ID yake pekee, vile kitambulisho chako hakifanani na cha jirani. Databesi nyingi zinaweza kuhesabu zenyewe 1, 2, 3, na ndani ya nyumba hiyo iko fiti. Noma huanza namba ikitoka nje, juu namba huongea. Mshindani wako akiagiza leo apate 1047, na wiki ijayo apate 1090, ashajua umepiga oda 42 hapo katikati.

Mchezo huu ni wa kitambo. Kwenye Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza na Marekani walisoma namba za vipuri vya vifaru vya Ujerumani walivyoteka. Kwa Agosti 1942, hesabu yao ilitoa vifaru 327 kwa mwezi. Makisio ya kijasusi yalisema 1,550. Rekodi za Wajerumani zilipopatikana baada ya vita: 342.

Dawa ni UUID

Hii ni ID ya biti 128, inayoandikwa hivi:

3f8a1c6e-92d4-4b7f-a05c-e1d26b9874f3

Ile 4 inayoanza fungu la tatu inamaanisha toleo la 4, lile la kubahatisha. Biti 122 zinachaguliwa bila mpangilio wowote. Zitagongana? Ukitengeneza bilioni moja kila sekunde, utahitaji kama miaka 86 ndio nafasi ya mbili kufanana ifike nusu kwa nusu. Tulia.

Unaitoa wapi?

- PostgreSQL toleo la 13 kuendelea: gen_random_uuid()
- Python: uuid.uuid4()
- JavaScript: crypto.randomUUID()

Usijitengenezee na Math.random(). Namba zake zinaonekana za kubahatisha, lakini mjanja anaweza kukisia zinazofuata. Pia chunga UUID() ya MySQL: hiyo ni toleo la 1, linalotumia saa na anwani ya mashine. Haigongani, lakini inakisika.

Mbona wasee wanasifu toleo la 7?

Toleo la 4 hutawanya rekodi ovyo kwa faharasa ya databesi, na jedwali likinona, kuingiza data kunaanza kujikokota. Toleo la 7, lililoingia kwenye kanuni za RFC 9562 Mei 2024, linaanza na biti 48 za saa, kwa milisekunde, kisha ndio bahati nasibu. Rekodi zinapanga laini kama abiria wa mat stejini. Bei yake? Anayeiona ID anajua rekodi ilizaliwa saa ngapi. Kama hiyo ni siri, baki na la 4.

Usijidanganye

UUID si kufuli. Linki ikitumwa kwa grupu ya WhatsApp, urefu wake hausaidii kitu. Kila mtu akiomba risiti, seva yako lazima ianze kwa kuuliza: huyu ni nani, na hii risiti ni yake kweli?

Leo kabla ulale, fungua apu yako mwenyewe, ingia na akaunti ya majaribio, kisha jaribu kufungua risiti ya akaunti nyingine. Ikifunguka, usingizi ungoje.