Daftari la Chama na Yale Yasiyoandikwa

Mama yangu alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama ishirini na wawili huko Nakuru, miaka ya tisini. Daftari lake bado lipo. Kila ukurasa una safu tatu: jina, kiasi, sababu. Karo. Matanga. Harusi. Bati za nyumba. Ukurasa mmoja umeandikwa "malaria", shilingi 4,300, pesa nyingi kwa wanawake waliokuwa wakiuza mboga na mitumba.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo Mama aliponiambia kwamba haikuwa malaria. Msichana wa jirani alikuwa amejaribu kutoa mimba kichochoroni, akakimbizwa hospitalini akivuja damu. Wote ishirini na wawili walijua, na wote walichanga. Hakuna aliyetaka liandikwe. Msichana alipona, na leo ni mama wa watoto watatu.

Nimeanza na hadithi hii kwa sababu tukizungumza kuhusu haki ya uzazi, au haki za wapenzi wa jinsia moja, kuna mtu lazima atasema haya ni mambo ya wazungu, yameletwa na pesa za wafadhili. Sawa, tuyaangalie kwa njia ya pesa basi. Nani alitoa, lini, na kwa nini?

Sisi Wakenya tuna neno kwenye ngao ya taifa: Harambee. Lilikuwa wito wa watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja, na Kenyatta alilifanya kuwa wito wa nchi nzima mwaka 1963. Shule zilijengwa kwa harambee, zahanati pia. Lakini harambee ilikuwa jambo la hadharani. Jina lako linasomwa, kiasi kinatangazwa, watu wanapiga makofi. Shida isiyoweza kutangazwa haikuwa na harambee. Ilibaki kwa akina mama na daftari lao.

Marekani kulitokea jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1976 bunge la huko lilipitisha kipengele kinachoitwa Hyde, kilichozuia pesa za serikali kuu zinazogharamia matibabu ya maskini zisilipie utoaji mimba, isipokuwa kwa sababu chache sana. Sheria ilikuwa inaruhusu, ila maskini hakuwa na nauli wala ada. Watu wakaanza kuchangishana mtaa kwa mtaa, na mwaka 1993 mifuko hiyo midogo ikaunda mtandao wa kitaifa. Mwaka uliofuata, kikundi cha wanawake Weusi kilikutana Chicago na kubuni jina jipya: haki ya uzazi kama sehemu ya haki ya kijamii. Walisema kuruhusiwa na sheria hakutoshi. Mtu awe na uwezo wa kutozaa, uwezo wa kuzaa, na uwezo wa kulea watoto wake mahali salama. Ukimsomea Mama maneno hayo atakuuliza, kwani kuna mtu hakujua?

Kwetu, Katiba ya 2010 iliandika haki ya huduma ya afya ya uzazi kwenye kifungu cha 43. Kifungu cha 26 kikakataza utoaji mimba, isipokuwa pale mtaalamu wa afya anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Wizara ya Afya ikatoa mwongozo kwa wahudumu mwaka 2012, kisha mwaka uliofuata ikauondoa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema kuuondoa vile kulikiuka haki, katika kesi iliyohusu msichana aliyebakwa, akatolewa mimba kwa njia isiyo salama, na hatimaye akafa. Mamake alikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Daftari la chama lingeandika "malaria" tena.

Sasa nifike mahali ambapo daftari linaniumiza. Miaka kadhaa baada ya ile malaria, mwanachama mmoja aliomba msaada. Mwanawe alikuwa amepigwa vibaya mtaani kwa kuwa aliishi na mwanamume mwenzake. Nilitafuta ukurasa huo sikuupata. Nikamuuliza Mama.

"Hilo halimo," akasema. "Hatukutoa."

Ni wanawake wale wale. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, tunasema. Moyo nao una mipaka yake, na hiyo mipaka ndiyo historia ninayotaka tuisome.

Waliokataliwa walilazimika kuwa na chama chao. Mwaka 2009 ulianzishwa Nairobi mfuko wa UHAI, kwa ajili ya vikundi vya wapenzi wa jinsia moja, watu waliobadili jinsia na wafanyabiashara ya ngono Afrika Mashariki. Pesa nyingi zilitoka nje, sitaficha. Ila uamuzi wa nani apewe uliwekwa mikononi mwa wanaharakati wenyewe wa kanda hii, wanaokaa kamati na kusoma maombi ya wenzao. Mama angeutambua mpango huo mara moja.

Kupokea pesa nako ni vita. Bila usajili huna akaunti ya benki, na bila akaunti mchango unakaa kwenye simu ya mtu mmoja. Ndiyo maana kesi ya shirika la NGLHRC, lililonyimwa usajili kwa sababu ya jina lake, ilikuwa kubwa kuliko karatasi. Ilichukua takriban miaka kumi hadi Mahakama ya Juu, Februari 2023, ilipoamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba kuwanyima ni ubaguzi. Vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya jinai bado vipo; Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 24, 2019, siku tatu baada ya Binyavanga Wainaina kufariki. Na kwa jirani zetu Uganda, sheria ya 2023 imefanya hata kutoa pesa kwa kazi hii kuwa kosa linaloweza kukufunga miaka 20.

Kisha ikaja Januari 2025. Ndani ya siku chache Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje na kurudisha masharti yanayowabana wanaohudumia au kushauri kuhusu utoaji mimba. Kliniki nilizozoea kuziandikia habari zilifunga milango. Wale wanaosema haya yote ni pesa za wazungu walipata jaribio lao: pesa zimeondoka, watu wamebaki, wagonjwa vile vile.

Siku hizi tuko kumi na wanne, tunatuma kila mwisho wa mwezi. Hujaza nauli, dawa, kodi ya mtu aliyefukuzwa nyumbani. Krismasi iliyopita nilimweleza Mama. Alinyamaza kitambo, akaingia chumbani, akarudi na noti ya mia tano.

"Kwenye sababu mnaandika nini?" akauliza.

Nikamwambia huwa tunaandika tarehe na kiasi tu, kwa usalama wa watu.

Akacheka. "Kwa hiyo na nyinyi bado mnaandika malaria."