Mashine Zinazopeleleza Insha

Mwizi akichukua mbuzi, mwenyewe huona kamba tupu. Lakini aibaye maneno ya mwenziwe huyaacha pale pale yalipokuwa, na mwenyewe hajui kwamba ameibiwa. Kwa sababu hiyo wizi wa insha katika vyuo vikuu ulikuwa mgumu kushikwa, mpaka walimu walipopata mashine ya kuutafuta. Tunataka kuwasimulia wasomaji wetu habari moja ya Marekani, nayo ndiyo iliyotufundisha mengi juu ya mashine hizo.

Katika Chuo Kikuu cha Virginia iko desturi iliyoanza mwaka 1842, ya kuwa mwanafunzi huahidi kwa heshima yake asidanganye. Avunjaye ahadi huhukumiwa na wanafunzi wenziwe, wala si walimu. Na katika siku tunazozieleza adhabu ilikuwa moja tu, yaani kufukuzwa asirudi tena.

Basi mwaka 2001 mwalimu wa fizikia, Louis Bloomfield, alikuwa akifundisha mamia ya wanafunzi jinsi vitu vya kila siku vifanyavyo kazi. Mwanafunzi mmoja akamwendea kulalamika kwamba wako wenziwe wanaotoa insha za watu wengine, nao hupata alama nzuri kumpita yeye aliyetaabika. Bloomfield hakuweza kukumbuka kila insha aliyoisoma. Lakini zilikuwa zimewekwa katika kompyuta, hata za wanafunzi waliotangulia. Akatunga programu ya kuzilinganisha. Kila mahali insha mbili zilipopatana kwa maneno sita yanayofuatana, programu ilipaonyesha. Maneno sita pengine hupatana kwa bahati. Lakini zilionekana insha zilizopatana kwa kurasa nzima.

Wanafunzi 158 wakashtakiwa mbele ya baraza la wenziwao, na hapo ndipo ugumu ulipotokea. Insha mbili zikiwa sawasawa, ni nani aliyeandika, na ni nani aliyenakili? Mashine haikujua. Wako walioonekana hawana hatia kabisa, kwa kuwa insha zao zilitumiwa na wengine bila wao kujua. Nao walikuwa wamekaa miezi mingi chini ya jina la wizi. Baraza lilitumia zaidi ya mwaka mzima kuwauliza watu. Mwisho wake wanafunzi 48 walitoka chuoni, wengine kwa kuhukumiwa, wengine kwa kukiri wenyewe. Watatu waliokwisha kuhitimu walinyang'anywa shahada.

Sisi walimu wa watoto wadogo twaijua taabu hii kwa kiasi chetu: madaftari mawili yenye kosa moja la hesabu, na watoto wawili wa benchi moja, kila mmoja akiapa. Tumepata kumwadhibu asiye na kosa, kwa kuwa tu mwandiko wake ulikuwa mbaya.

Mashine iliyoenea zaidi si ile ya Bloomfield, bali ni Turnitin, ya kampuni iliyoundwa mwaka 1998 na John Barrie, aliyekuwa mwanafunzi huko Berkeley, California, pamoja na wenziwe. Hiyo hulinganisha insha na maandishi ya intaneti na vitabu, tena hutunza insha za wanafunzi ili kulinganisha na zijazo. Wako waliokataa. Katika Chuo Kikuu cha McGill, nchi ya Kanada, mwanafunzi mmoja hakukubali kuipa mashine kazi yake, akapewa sifuri. Mwaka 2004 chuo kikaamua isahihishwe bila mashine. Lakini wanafunzi wa Marekani walioishtaki kampuni mwaka 2007 walishindwa, na mwaka 2009 mahakama ya rufani ikathibitisha hukumu hiyo.

Mwaka 2023 Turnitin ilipewa kazi mpya, kutambua insha iliyotungwa na kompyuta yenyewe. Hapa hakuna insha ya pili ya kuweka kando na kulinganisha. Mashine hupima tu jinsi maneno yanavyofuatana, ikakisia. Kampuni ilisema kwamba hukosea kwa insha 1 katika 100. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kikafanya hesabu: mwaka 2022 kilikuwa kimeipa Turnitin insha 75,000, basi wenye insha kama 750 wangalisingiziwa. Mwezi wa Agosti 2023 chuo kikaizima sehemu hiyo.