George Eastman na mzigo wa mpiga picha

Watu wengi wapatapo kamera ya kwanza hudhani kwamba kazi yote imo ndani ya chombo. Habari za George Eastman zatuonyesha lipi ni la chombo na lipi ni la mtu.

Eastman alikuwa karani wa benki katika mji wa Rochester, Marekani. Mwaka 1877, angali kijana, alinunua vyombo vya kupigia picha kwa kadiri ya dola 50, akalipa dola 5 afundishwe kuvitumia. Siku zile picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, na hapana budi kioo kile kitumike na kusafishwa kabla hakijakauka. Kwa hiyo mpiga picha aliyekwenda mbali alichukua kamera kubwa na miguu yake mitatu, vioo, chupa za dawa na hema ya giza. Eastman akaona ya kuwa huo ni mzigo wa punda, si wa mtu.

Mchana alikaa benki. Usiku alichanganya dawa jikoni kwa mama yake. Hata mwaka 1880 alikuwa akitengeneza vioo vikavu vya kuuza. Mwaka 1888 akatoa sanduku dogo liitwalo Kodak, bei yake dola 25, lenye filamu ya picha 100. Mwenyewe alivuta uzi, akabonyeza kifungo, akazungusha ufunguo, basi. Picha zilipokwisha, alipeleka sanduku zima Rochester pamoja na dola 10, akasafishiwa picha na kutiliwa filamu mpya. Mwaka 1900 ikatoka Brownie kwa dola 1, hata watoto wakaweza kupiga picha.

Je, mzigo wote ulikwisha? La. Sisi tulipopata kamera yetu ya kwanza, tuliwapanga wanafunzi jua likiwa nyuma yao, tukabonyeza kwa furaha. Nyuso zikatoka nyeusi kama masizi, wala mzazi hakumtambua mwanawe. Mmoja wao alifariki mwaka ule ule, na picha yake nyingine hatuna.

Basi, ewe mwenye kamera mpya, kwanza tazama nuru yatoka wapi, na iangukie uso wa umpigaye. Msogelee. Tuliza mikono, kisha ubonyeze. Eastman alituondolea hema na chupa. Kazi ya macho ametuachia wenyewe.