Jina la ua kwa pudeli wako: soma hapa kabla hujaanza kumwita getini

Haya wadau, leo siasa tunaiweka kando kidogo. Mada ni majina ya mbwa, hasa wale wenye manyoya ya kujisokota kama sufi, ambao Waingereza wanawaita poodle na Wajerumani Pudel. Hapa tuwaite pudeli, mambo yaishe. Wengi wanaofuga mbwa hawa hawataki Simba wala Tomi. Wanataka jina laini, la ua.

Wazo zuri tu. Ila jina la mbwa si kama jina la faili unalolihifadhi kimya kimya kwenye kompyuta. Ni neno utakalolipigia kelele asubuhi na jioni, kwa miaka kumi na kitu, na mtaa mzima unasikia. Kwa hiyo usianze kwa kujiuliza "ua gani zuri?" Jiulize "nikiita kwa nguvu, nani mwingine atageuka?" Ukilijibu hilo, mengine ni rahisi.

1. Pudeli ni mbwa gani?

Watu wanamchukulia kama mbwa wa mapambo, wa kubebwa kwenye mkoba. Kumbe asili yake ni mbwa wa kazi. Jina Pudel limetoka kwenye neno la Kijerumani la kuchapachapa maji, na Wafaransa wanamwita caniche, jina linalohusishwa na bata jike. Alikuwa mbwa wa wawindaji: bata akipigwa akaangukia majini, yeye ndiye anaogelea kumfuata. Hata ule mnyoo wake wa ajabu, huku kipara huku manyoya, ulianzia hapo. Walipunguza manyoya ili awe mwepesi majini, wakabakiza ya kifuani na kwenye viungo ili asipate baridi.

Wako wa saizi nne kwa vipimo vya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa. Mkubwa ana sm 45 hadi 60 begani, wa kati 35 hadi 45, mdogo 28 hadi 35, na yule kibeti 24 hadi 28. Halafu ana akili huyo! Mwanasaikolojia Stanley Coren, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alimweka pudeli nafasi ya pili kwa wepesi wa kushika amri, nyuma ya border collie peke yake. Maana yake jina utakalompa atalishika haraka sana. Kulibadilisha baadaye ni kumchanganya bure.

2. Kosa la kwanza: kumwita "Ua"

Kwenye karatasi linapendeza: fupi, la Kiswahili, maana yake inajieleza. Sasa fikiria mbwa ametoroka, anamkimbilia mtoto wa jirani anayerudi dukani, na wewe nyuma yake unapiga kelele "Ua! Ua! Ua!" Nani atakuelewa kuwa unaita tu? Hapo utajieleza kwa mjumbe.

Maua je? Hilo haliogopeshi, ila lina wenyewe. Twende kipengele kinachofuata.

3. Majina ambayo tayari ni ya watu

Hapa ndipo penye moto. Kwetu, kumwita mtu mbwa ni tusi zito. Kumpa mbwa jina la mtu ni tusi hilo hilo, ila limezungushwa. Na mnajua wapo watu wanaowapa mbwa wao majina ya mafumbo makusudi, ili kumpiga kijembe jirani bila kumtaja. Kwa hiyo jirani akisikia jina la binti yake likiitwa kwa mbwa, hatasema "ah, huyu anapenda maua." Atasema umemlenga yeye.

Majina mengi mazuri ya maua kwa Kiswahili ni ya akina dada na bibi zetu: Asumini, Yasmini, Waridi, Maua, Rehani. Zahra nalo liache kabisa, maana ni lakabu ya Bi Fatma, binti wa Mtume Muhammad. Mwite mbwa hivyo na utakuwa umewakera watu wengi sana, bila sababu.

Rehani lina kasoro ya pili: ni pia kitu unachoweka dhamana ya mkopo. Watu wataanza kuuliza huyo mbwa anadaiwa na nani.

Msidhani kukimbilia uzunguni kunaponya. Flora, Rozi, Lili, Violeti, Deizi... hayo ni ya mashangazi, walimu na wauguzi wetu. Kabla hujachagua, pita kichwani nyumba kumi za karibu, kazini kwako na familia ya mkeo au mumeo. Likiwepo, achana nalo.

4. Majina yaliyo huru zaidi

Haya yafuatayo ni ya maua kweli, na si rahisi kukuta mtu anaitwa hivyo:

- Karafuu. Wengi hawajui kwamba karafuu ya kwenye pilau ni ua. Ni tumba linalochumwa kabla halijachanua, kisha linakaushwa. Jina linamfaa pudeli wa kahawia au mweusi. Ukifupisha unapata Rafu, na kama mbwa wako anarukia kila mgeni, basi jina limemkaa.
- Kilua. Ua la mkilua, kichaka cha pwani ya Kenya na Tanzania, ambalo akina mama hulipenda kwa harufu yake. Mwaka 1970 mmea huu ulipopewa jina la kitaalamu, neno letu lilichukuliwa zima zima: Mkilua fragrans. Yaani jina la Kiswahili lililoingia kwenye vitabu vya sayansi, na halijachuja.
- Yungiyungi. Ua linaloelea juu ya maji. Kwa mbwa ambaye babu zake walikuwa waogeleaji, sidhani kama kuna jina linalomstahili zaidi. Kila siku unamwita Yungi tu.
- Zafarani. Ni nyuzinyuzi nyekundu za katikati ya ua, tatu tu kwa kila ua, ndiyo maana bei yake inatisha. Linampendeza pudeli mwenye rangi ya machungwa au wekundu. Kifupi chake Zafa.
- Alizeti. Kwa yule wa rangi ya njano iliyopauka. Ila kifupi chake kina mtego, tutaona hapo chini.
- Pareto. Hili ndilo chaguo langu kwa wenye utani. Ni ua jeupe lenye kiini cha njano, linalolimwa nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Rwanda, na dawa inayotokana nalo inaua wadudu, viroboto wakiwemo. Mbwa anaitwa Pareto, kiroboto atasogea?
- Langilangi. Linanukia kila mahali pwani. Tahadhari kwa wadau wa Uganda: msilifupishe kuwa Langi. Hao ni watu, kabila kubwa la kaskazini, na tunarudi kule kule kwenye kipengele cha tatu.

5. Sikio la mbwa si sikio lako

Mbwa hasikii maana ya jina, anasikia mlio. Jina la silabi mbili au tatu analidaka upesi, refu zaidi utajikuta unalifupisha mwenyewe. Kwa hiyo chagua kifupi tangu mwanzo.

Kisha linganisha na amri zako. Alizeti ukiifupisha kuwa Zeti, inafanana mno na "keti". Unamwita aje, yeye anakaa chini anakuangalia. Afadhali Lizi. Koja, lile shada la maua linalovaliwa shingoni, ni jina tamu sana, lakini kwa mbali ni "ngoja". Kama unamfundisha mbwa wako kusubiri barabarani kwa neno hilo, utakuwa umemchanganya pale ambapo gari linakuja. Hapo si mchezo tena.

Na Afu, lile ua jeupe linalofanana na asumini? Zuri mno, ila hebu sikiliza vijana wanavyoongea: "afu nikamwambia, afu akasema, afu..." Mbwa atageuka mara ishirini kwenye hadithi moja. Mwisho atachoka, na siku ukimwita kweli hatageuka.

6. Usilifunge jina kwenye rangi

Pudeli wengi hubadilika rangi wakikua. Mweusi anaweza kuwa kijivu, mwekundu akapauka hadi rangi ya maziwa. Ukimwita mtoto wa miezi miwili jina la ua kwa sababu ya rangi peke yake, jiandae kueleza wageni baadaye. Angalia pia tabia yake: ni mpole, mtundu, mpenda maji?

7. Wafaransa wana utaratibu wao

FCI inamhesabu pudeli kuwa mbwa wa Ufaransa, na kule mbwa wa ukoo wanaosajiliwa hupewa majina kwa herufi ya mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa V, 2025 ikawa A. Kwa hiyo mpenda maua aliyepata mbwa wa 2024 angeweza kumwita Violette, na wa 2025 Azalée. Herufi K, Q, W, X, Y na Z hazitumiki. Yungiyungi wetu kule asingepita! Sisi huku hatubanwi na hilo, lakini kama huna pa kuanzia, herufi moja inasaidia kupunguza orodha.

8. Jina halina sumu, mmea unayo

Wengine wakishampa mbwa jina la ua wanapanda na mmea wenyewe uani, apigwe nao picha. Angalieni. Azalea na oleander ni sumu kwa mbwa, hata majani machache yanaweza kumdhuru vibaya. Waridi na alizeti hazina sumu kwake, ingawa miiba ya waridi ni habari nyingine. Akitafuna mmea usioujua akaanza kutapika, mkimbize kwa daktari wa mifugo, na beba tawi la mmea huo akalione.

Kwa kifupi, fanya hivi

Andika majina matatu. Ondoa lolote lenye mwenyewe mtaani. Simama getini uyaite kwa sauti, bila aibu, na umwombe mtu mmoja wa nyumbani asikilize kutokea mbali. Linalobaki litumie wiki nzima: unataja jina, akigeuka unampa kipande cha chakula. Usilitumie jina hilo kumgombeza, maana atajifunza kulikimbia. Likishakaa, ndipo uliandikishe kwenye kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Na chanjo yenyewe usiikwepe, hata mbwa awe na jina linalonukia vipi.

Habari ndo hiyo. Wa pwani najua mna maua mengine ambayo sisi wa bara hatuyajui, yamwageni hapo chini. Na kama jirani yako ana mbwa mwenye jina lako, tuambie pia, ila usimtaje.