Mrithi hapendwi siku ya kwanza: Miaka 70 ya kiti cha usiku Marekani

Machi 30, 2015, kituo cha Comedy Central cha Marekani kilipotangaza kwamba Trevor Noah atamrithi Jon Stewart katika The Daily Show, watazamaji wengi wa huko waliuliza: huyu nani? Kijana wa Johannesburg, mwenye umri wa miaka 31, alikuwa ameonekana katika kipindi hicho mara tatu tu. Kufumba na kufumbua, watu wakawa wamefukua utani wake wa zamani kwenye Twitter, ule wa kuwadhihaki Wayahudi na wanawake wanene, na wengine wakataka uteuzi ufutwe kabla hajakikalia kiti. Huku Afrika nako vigelegele vikapigwa, mtu wetu kapata kazi New York! Kelele zote mbili, za kule na za huku, zilipigwa kabla Noah hajatamka neno hata moja kama mwendeshaji wa kipindi.

Kituo kilimtetea. Mwenyewe alijibu kwamba si haki kumpima mtu kwa vichekesho vichache vilivyokosa shabaha. Septemba 28 akaketi, na siku chache baadaye akatoa kipande kilichomtoa kwenye kivuli cha mtangulizi wake. Alimfananisha Donald Trump, wakati huo mgombea tu, na watawala wa Afrika wapenda sifa. Aliyaweka majigambo ya Trump ubavuni mwa majigambo ya Idi Amin, mkanda baada ya mkanda, akaacha watu wajionee. Stewart, pamoja na ufundi wake wote, asingeweza kukibeba kipande kile. Mtazamaji wa Kampala au Bukoba hakuhitaji kuelezwa kichekesho kiko wapi. Hata hivyo, katika mwaka wa kwanza watazamaji walipungua sana, na lawama kubwa ya wachambuzi ilikuwa moja: yeye si Stewart.

Waliosema hivyo walikuwa wamesahau kwamba Stewart naye alirithi. Alikipokea kipindi hicho Januari 1999 kutoka kwa Craig Kilborn. Leo ni wangapi wanaomkumbuka Kilborn?

Nimekuwa nikiifuatilia historia ya viti hivi vya waendeshaji wa vipindi vya vichekesho na mazungumzo vya usiku, na ninachokiona ni kwamba watazamaji hawamhukumu aliyekuja. Wanamlilia aliyeondoka. Mrithi huingia nyumbani kama mama wa kambo: hata akipika vizuri, chumvi yake si ile.

Kiti chenyewe kilianza Septemba 27, 1954, New York, pale NBC ilipompa Steve Allen kipindi cha The Tonight Show nchi nzima. Mengi tunayoyaona leo yamekuwapo tangu enzi za mwanzo: meza, sofa la wageni, bendi pembeni, na mwenye kipindi anayesimama mbele ya pazia kuwachekesha watu kabla ya kuketi. Kipindi huja baada ya taarifa ya habari ya saa tano usiku, watu wengi wakiwa wameshapanda kitandani. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Msomaji wa habari huingia sebuleni, lakini huyu huingia chumbani, mwanga umezimwa, na sauti yake ndiyo ya mwisho kusikika kabla ya usingizi. Mtu wa namna hiyo habadilishwi kama balbu.

Mwaka 1957 alikuja Jack Paar, mtu wa hasira na machozi, na watazamaji wakampenda kwa sababu hawakujua usiku huo ataamkaje. Februari 1960 wakubwa wa NBC walikata kichekesho chake kuhusu mwanamke wa Kiingereza anayetafuta nyumba Uswisi, anayeuliza kwa barua kama kuna “W.C.” karibu; aliyepokea barua akadhani anauliza kanisa. Leo mtoto wa shule atakisimulia mbele ya walimu. Februari 11 Paar aliwaambia watazamaji kwamba amechoka, akatoka nje ya studio kipindi kikiendelea, akamwachia msaidizi wake Hugh Downs akimalizie. Baada ya wiki kadhaa alirejea, akaanza kana kwamba alikuwa amekatizwa tu katikati ya sentensi. Alipoondoka kabisa mwishoni mwa Machi 1962, NBC ilikuwa na tatizo: nani anaweza kukalia kiti cha mtu kama huyo?

Johnny Carson mwanzo alikataa, akiogopa hasa jambo hilo. Alipokubali, mkataba wake na ABC ulimfunga hadi Septemba, kwa hiyo kwa miezi sita kiti kikakaliwa na wageni wa kupokezana. Oktoba 1, 1962, mchekeshaji Groucho Marx alimtambulisha Carson kwa watazamaji. Akakaa miaka 30.

Miaka 30 ni umri wa mtu mzima. Kuna Wamarekani waliozaliwa, wakaoa na kuzaa, wote chini ya Carson, na kila usiku alifunga vichekesho vyake vya mwanzo kwa kutingisha fimbo ya gofu ya kufikirika. Imani ya watu kwake ilionekana vizuri Desemba 1973. Mbunge mmoja wa Wisconsin alikuwa ameonya juu ya uhaba wa karatasi za chooni, Carson akatania kwamba zinaadimika. Asubuhi yake watu walikwenda madukani wakazisomba, na uhaba ambao haukuwapo ukawapo kweli. Carson akalazimika kueleza hewani kwamba ulikuwa mzaha.

Kwa hiyo aliposema anastaafu, vita vya urithi havikuwa vya mshahara tu. David Letterman, aliyekuwa na kipindi kilichofuata baada ya cha Carson tangu Februari 1982, alikuwa ndiye mrithi machoni pa watazamaji wengi vijana. NBC ikamchagua Jay Leno, aliyekuwa akimshikia Carson kiti kila anapopumzika. Mei 22, 1992, Carson aliaga akiwa amekaa kwenye kigoda, akitazamwa na watu wanaokadiriwa kufika milioni 50. Mei 25 Leno akaanza, na usiku ule wa kwanza hakulitaja jina la Carson hata mara moja.

Kwetu, mtu anayeingia nyumba ya mzee bila kumsalimia mzee mwenyewe hupata jina baya kabla hajaketi. Marekani nayo haikuwa tofauti. Uamuzi ulikuwa wa meneja wake, Helen Kushnick, ambaye baadaye mwaka huohuo alifukuzwa. Leno mwenyewe aliujutia kwa miaka. Hapo watazamaji walikuwa na haki kabisa. Hawakuwa wakilalamikia vichekesho, walikuwa wakilalamikia adabu.

Januari 1993, wakubwa wa NBC walipokuwa wakijadiliana kwa simu kama wamtoe Leno wampe Letterman kiti, Leno alijificha kwenye kijichumba cha stoo jirani na kusikiliza kila kitu. Kisa hiki hakikutungwa na maadui zake, amekisimulia mwenyewe. Letterman akahamia CBS, akaanza The Late Show Agosti 30, 1993, na kwa karibu miaka miwili akamshinda Leno. Kisha Julai 10, 1995, akaja kwa Leno mwigizaji Hugh Grant, wiki mbili tu baada ya kukamatwa Los Angeles na kahaba. Leno akamuuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo mdomoni: ulikuwa unawaza nini? Tangu hapo Leno akaongoza kwa miaka mingi. Waliomdharau hawakubadilisha kauli, walibadilisha kituo.

Mzoea punda hapandi farasi, na mfano wake hasa ni Conan O'Brien. Alichukua kiti cha Letterman huko NBC Septemba 13, 1993, akiwa mwandishi wa The Simpsons asiyejulikana na mtu. Kipindi chake cha kwanza kilifunguliwa kwa filamu fupi: Conan anatembea kwa furaha mitaani New York, na kila anayekutana naye anamkumbusha kwamba ole wake asipomfikia Letterman. Anaingia chumba cha kuvalia, anapanda kiti, anaandaa kitanzi. Maoni ya watazamaji yalikuwa yamegeuzwa kichekesho kabla hayajatolewa. Tom Shales, mchambuzi wa Washington Post aliyeogopwa na vituo vyote, alimchana bila huruma, na NBC ikawa inamwongezea mkataba wiki 13 kwa wiki 13, kama mpangaji asiyeaminika. Miaka michache baadaye Shales alikiri hadharani kwamba kijana amebadilika kabisa. Conan aliokoka kwa sababu NBC haikuwa na mtu mwingine wa kumweka, si kwa sababu ilikuwa na subira.

Mwaka 2010 ulileta kisa ambacho ndani yake watazamaji walisikika kuliko wakati wowote, na wakashindwa. NBC ilikuwa imeahidi tangu 2004 kwamba Conan atampokea Leno mwaka 2009. Juni 1 mwaka huo akaanza kazi. Lakini NBC, ikiogopa kumpoteza Leno, ilimpa kipindi cha saa nne usiku, kikafanya vibaya. Vituo vya mikoani, vinavyoishi kwa matangazo ya biashara kwenye taarifa ya habari ya saa tano, vikalia kwamba watazamaji wamekwisha kuondoka kabla habari hazijaanza. Vituo hivyo ndivyo vyenye rungu katika biashara hii, mtazamaji hanalo. NBC ikataka kumrudisha Leno baada ya habari na kumsogeza Conan hadi saa sita na dakika tano. Januari 12, 2010, Conan aliandika barua aliyoielekeza kwa “watu wa Dunia”, akisema hatashiriki kukiharibu kipindi anachokiheshimu.

Watu wakaingia barabarani. Bango la msanii Mike Mitchell, lenye Conan na nywele zake za rangi ya machungwa, likasambaa kila mahali, na California mashabiki waliandamana mvua ikinyesha. Lakini wengi wa hao hawakuwa wakimtazama. Kwa sehemu kubwa ya miezi yake saba Conan alishindwa na Letterman. Watazamaji walirudi kwa wingi wiki ile ya mwisho, walipojua kwamba anaondoka. Januari 22 aliaga, akiwasihi vijana wasiwe watu wa kukata tamaa na kubeza kila kitu. NBC ikalipa takriban dola milioni 45 kuvunja mkataba, sehemu kubwa ikienda kwake na nyingine kwa wafanyakazi wake. Machi 1 Leno alikuwa ameketi tena. Mapenzi ya barabarani hayahesabiwi na watangazaji wa biashara. Wao huhesabu runinga iliyowashwa saa tano na dakika 35 usiku.

Kwa waliofuata nitapita haraka. Jimmy Fallon alikirudisha The Tonight Show New York Februari 2014, akapendwa upesi. Stephen Colbert alimrithi Letterman Septemba 2015, akaonekana amepotea kwa zaidi ya mwaka, hadi Trump alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 2017 ndipo akampita Fallon. Noah naye alipata sauti yake kwa muda, na wakati wa korona aliendesha kipindi nyumbani kwake bila hadhira. Aliondoka Desemba 8, 2022. Tuzo ya Emmy ya kipindi bora cha mazungumzo ilimfikia Januari 2024, akiwa ameshaondoka zaidi ya mwaka, na mwezi uliofuata Stewart akarudi kukalia kiti hicho kila Jumatatu. Waliomlilia Stewart mwaka 2015 wakapata walichokitaka, usiku mmoja kwa wiki.

Julai 17, 2025, CBS ilitangaza kwamba itaifunga The Late Show Mei 2026, kwa sababu za kifedha. Watazamaji wengi hawakuamini sababu hiyo, maana siku tatu kabla, Colbert alikuwa amekejeli hewani dola milioni 16 ambazo kampuni mama ya CBS, Paramount, ilikubali kulipa kumaliza kesi ya Trump. Safari hii hakuna mgeni wa kumzomea. CBS ilisema Colbert hatarithiwa na mtu, na jina la The Late Show, lililoanza na Letterman mwaka 1993, litastaafishwa pamoja naye.