Siku Mvinyo Ulipomwagwa Madina

Akionekana kijana wa mtaani anatumia madawa ya kulevya, neno la kwanza litokalo vinywani mwetu ni kuwa mtoto huyu kapotea, hana adabu. Huenda ikawa kweli, lakini neno hilo halitufunzi kitu. La kuuliza ni hili: kitu gani kilimpeleka huko, na kitu gani kitamrudisha? Katika tarikh ya Uislamu upo mji mzima ulioacha ulevi, nao ni Madina. Basi na tutazame uliachaje.

Waarabu wa zama za Ujahili walikuwa wanywaji wakubwa. Mvinyo ndio uliokuwa ukarimu kwa mgeni, ndio fahari ya washairi, ndio kitulizo cha mwenye huzuni. Mtoto alizaliwa akaukuta nyumbani mwa baba yake. Jambo lililoota mizizi namna hiyo halikung'olewa kwa siku moja. Katika Suratul Baqara (aya ya 219) watu walielezwa kuwa katika ulevi mna dhambi kubwa na manufaa, na kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha katika Suratun Nisaa (aya ya 43) wakakatazwa kuikaribia Sala hali wamelewa. Mwisho ikaja Suratul Maida (aya ya 90 na 91), ikakata shauri kabisa.

Bibi Aisha (r.a.), katika Hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, ameeleza kuwa zilizotangulia kushuka ni sura zenye kutaja Pepo na Moto, na watu walipotua katika Uislamu ndipo zikaja halali na haramu. Lau la kwanza lingalikuwa kukatazwa mvinyo, watu wangalisema hawauachi kamwe. Hapa pana ilimu kubwa ya nafsi: moyo hujazwa kwanza, ndipo mkono huambiwa uache.

Siku aya ya mwisho iliposhuka, Anas bin Malik (r.a.) alikuwa kijana tu. Bwana Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622, Anas alikuwa na umri wa kiasi cha miaka 10. Mama yake, Bibi Ummu Sulaym (r.a.), aliolewa na Abu Talha (r.a.), na nyumbani kwa Abu Talha ndiko alikokuwa Anas siku ile, akiwanywesha wakubwa kinywaji kikali cha tende. Miongoni mwao walikuwamo Abu Ubayda na Ubayy bin Kaab (r.a.). Ikaja habari kuwa mvinyo umeharimishwa. Hawakubishana, wala hawakusema na tumalize kwanza kilichobaki. Abu Talha alimwamuru Anas aumwage, naye akaumwaga, na mvinyo ukatiririka katika njia za Madina.

Angalia ni nani aliyekuwa na chombo mkononi. Ni kijana, na waliomkabidhi ni wakubwa wake. Lau wangalimwambia asinywe kwa kuwa bado mtoto, na huku wao wanaendelea, angalijifunza kuwa ulevi ni alama ya utu uzima, akawa anaungojea kwa hamu. Badala yake aliona kwa macho yake kuwa hata mkubwa huacha. Tena hakuwa na haja ya kuogopa kuchekwa na wenziwe, kwani mtaa mzima uliacha pamoja naye.

Wataalamu wa leo wanatueleza kuwa ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka baada ya miaka 20, na sehemu inayochelewa ni ile ya kupima matokeo na kujizuia. Kijana wa miaka 15 huiona raha ya leo karibu na madhara ya kesho mbali. Juu ya hayo ana kiu ya kukubaliwa na wenziwe. Akiwa nyumbani ni ugomvi, skuli kaacha, kazi hana, wala hana mkubwa wa kumsikiliza, basi yeyote atakayemkaribisha atamfuata.

Pwani yetu imeyaonja haya. Heroini ilianza kuenea katika miji yetu miaka ya 1980, ikipita katika bandari na majahazi kutoka Asia. Kwanza ilivutwa kwa moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sindano zikazidi, na pamoja nazo UKIMWI na maradhi ya ini. Aghlabu aliyemwonjesha kijana mara ya kwanza hakuwa adui, alikuwa rafiki wa barazani.

Na aliyekwisha kutumbukia? Zama za Bwana Mtume (s.a.w.) palikuwa na mtu jina lake Abdullahi, aliyeletwa mara kwa mara kwa ajili ya ulevi, akatiwa adabu. Siku moja mmoja katika waliohudhuria akamlaani. Bwana Mtume akakataza asilaaniwe, akasema kuwa mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Adhabu ilikuwapo, lakini mlango haukufungwa.

Sisi mara nyingi hufanya kinyume. Kwanza huficha kwa kuogopa aibu ya ukoo, kisha jambo likifichuka humfukuza kijana, naye hana pa kwenda ila kwa wale wale waliompa. Na hali matibabu yapo. Zanzibar zilianza nyumba za kuwasaidia wanaoacha mwaka 2009. Dawa ya methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na Malindi mwaka 2015. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, nayo hutuliza kiu ya mwili. Lakini baada ya kuinywa mtu hurejea kwao, na huko ama atapokewa ama atasukumwa.

Enyi wazee wetu, kila mwenye nyumba na ajiulize: chombo gani nimempa mwanangu mkononi? Baba anayemtuma mtoto sigara dukani, na mjomba anayetafuna mirungi mbele ya wapwa zake, wamekwisha kusomesha bila ya kusema neno. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, awarudishe waliopotea, na atupe sisi wakubwa moyo wa kuanza kumwaga. Amin.