Nyumba ya Vitabu ya Fairfield

Leo twapenda kuwaeleza habari za jumba moja katika mji mdogo uitwao Fairfield, katika jimbo la Iowa, nchi ya Marekani. Hapo zamani jumba hilo lilikuwa maktaba ya watu wote.

Mwaka 1853 wenyeji wa huko walifanya chama cha maktaba. Jumba hawakuwa nalo. Walichanga fedha zao kidogo kidogo, wakanunua vitabu, wakaazimana. Kazi hiyo waliiendesha karibu miaka 40.

Wakati huo alikuwako tajiri mmoja wa biashara ya chuma, jina lake Andrew Carnegie. Yeye alizaliwa Scotland mwaka 1835, mwana wa mfumaji maskini. Mwaka 1848 wazee wake walihamia Marekani, naye akaajiriwa katika kiwanda cha pamba kwa dola 1 na senti 20 kwa juma. Fedha za kununua vitabu hakuwa nazo. Lakini Kanali James Anderson, aliyekuwa na vitabu kama 400, aliwaazima vijana wa kazi kitabu kimoja kila Jumamosi. Carnegie hakuisahau fadhili ile. Alipotajirika alianza kujenga maktaba.

Maktaba zake za kwanza alizijenga katika miji aliyokuwa na jamaa au viwanda. Fairfield hakuwa na jamaa wala kiwanda. Hata hivyo Seneta James F. Wilson, mwenyeji wa mji huo, aliwaombea watu wake, na mwaka 1892 Carnegie akatoa dola 40,000. Mwaka uliofuata jumba likawa tayari.

Miaka zaidi ya 100 ikapita, vitabu vikazidi, nafasi ikawa haba. Mwaka 1996 maktaba ikahamia jengo jipya. Jumba la kale halikubomolewa, bali limewekwa makumbusho ya mambo ya kale.

Basi twaona ya kuwa wasomaji wa Fairfield walikuwako kabla ya jumba, na jumba lilipokuwa dogo walihama na vitabu vyao. Kwa hiyo kijiji kisichokuwa na jumba kisikae kumngojea tajiri. Sanduku moja la vitabu, mtu mwaminifu wa kuandika nani ameazima nini, na siku moja katika juma, vyatosha kuanza. Haba na haba hujaza kibaba.